Tope la Euphrasia

Euphrasia aliolewa Nyambubi kwa sababu ya tope. Baba yake hakumtaka Deogratias, kijana wa ukoo usio na ng'ombe wa kutosha, na aliwaambia washenga waziwazi kwamba binti yake hatakwenda kula michembe, viazi vilivyokaushwa, mwaka mzima. Washenga wakamwomba aje kwanza aone shamba. Akaja kutoka Masumbwe kwa baiskeli, akapelekwa mpaka pale mto Muhogela unapokunja kona na kuingia kwenye bonde la majaruba ya mpunga. Mvua kubwa zilikuwa zimeisha. Maji yalikuwa yamejivuta na kuacha kila jaruba limetandikwa tope jeusi, laini kama uji wa mtoto. Mzee akavua viatu, akakunja suruali, akaingia. Likamfika juu ya vifundo vya miguu. Alipotoka alisema, "Mahari mtaileta lini?"

Hayo nimesimuliwa. Yanayofuata mengi nimeyaona mwenyewe, maana nyumba yangu iko ng'ambo ya mto, ikitazamana na majaruba yale. Watu huniita Baba Agatha, nafuga ng'ombe. Niseme mapema kwamba simpendi Euphrasia, na yeye hanipendi. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti inayovuka mto bila kuinuliwa, na mbuzi wa jirani akila mche mmoja, humfunga kamba nyumbani kwake mpaka mwenye mbuzi aende akatukanwe ndipo apewe. Kanisani hukaa benchi la mbele, na hakuna anayekaa karibu naye kwa hiari.

Mto wetu unashuka kutoka vilimani kwa kasi, na huko juu unabeba chochote unachokuta: mchanga, majani yaliyooza, udongo wa mashamba ya watu waliolima kwenye miteremko. Ukifika kwenye kona ile bonde linalegea, maji yanapanuka, yanapoa mwendo, na yakipoa yanashindwa kubeba. Mchanga hutua kwanza, pale mdomoni. Tope laini husafiri mbele kidogo na kutulia kwenye majaruba. Kwa hiyo Euphrasia hakuwahi kununua mbolea. Mpunga wake ulisimama kijani kibichi wakati wetu umekonda, na watu walianza kunong'ona kwamba ana dawa. Aliposikia, aliwajibu kisimani mbele ya wanawake wote.

"Dawa yangu ni mashamba yenu huko juu," alisema. "Endeleeni kulima vibaya, nami niendelee kuvuna."

Alikuwa anasema kweli, na kweli hiyo haikumpa hata rafiki mmoja.

Deogratias alikufa kwa ugonjwa wa ini, akamwachia watoto wa kike tu. Wa kwanza, Nelly, aliolewa Kahama, na wadogo zake wakaolewa nao. Euphrasia akabaki peke yake na majaruba yake, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyemgusa. Halafu shemeji yake, Leodgar, mdogo wake Deogratias, akakodisha shamba lake la mihogo lililoko juu kidogo ya kona, kando ya mto.

Aliyelikodi aliitwa Mageni, mtu wa machimbo aliyezunguka sana upande wa Geita. Alileta karasha ya kusagia mawe na mashine ya kuvuta maji, akafungua mwalo. Hivyo ndivyo wachimbaji wanavyoita mahali pa kuoshea dhahabu. Malori yalileta mawe kutoka mashimoni ng'ambo ya vilima, karasha ikayasaga mpaka yakawa unga, na unga ule ukaoshwa kwa maji ya Muhogela juu ya mbao zilizotandikwa mazulia. Dhahabu ilinasa kwenye zulia. Tope lililobaki, wanaloliita marudio, lilitupwa pembeni. Rundo likakua mpaka likaimeza mihogo yote.

Mvua za kwanza baada ya hapo zilileta maji ya kijivu, mazito, kama maji yaliyooshea chungu chenye majivu. Yalituama kwenye majaruba ya Euphrasia kama maji mengine yote. Lakini tope lile halikuwa kama tope lingine. Jua lilipolipiga siku chache liligeuka kama sakafu iliyopigwa plasta, likapasuka vipande vipande vigumu. Maji hayakupenya chini, na mizizi haikupata hewa. Miche ya mpunga ikawa njano, ikalala. Kambare waliokuwa wamejificha kwenye mifereji walitoka wakahema juu ya maji, midomo wazi, kisha wakaelea.

Euphrasia aling'oa kipande kimoja cha sakafu ile, kipana kama sinia, akakitwika kichwani, akapanda nacho mpaka kwa Leodgar. Aliwakuta mezani, Leodgar na mkewe Elieth.

"Shikamoo, shemeji," alisema Leodgar.

Hakuitikia. Alikishusha kile kipande katikati ya meza, kando ya ugali. "Kula," akasema.

"Ni nini hiki?"

"Ni mboga uliyoniletea. Nakurudishia, kwangu imezidi."

Elieth alinyanyuka akawatoa watoto nje. Leodgar alinawa mikono polepole. "Shemeji, mvua inatoka kwa Mungu. Sina mamlaka nayo."

"Mvua inatoka kwa Mungu. Rundo linatoka kwa nani?"

"Rundo ni la Mageni. Kazungumze na Mageni."

"Mageni hakuzaliwa na mama mkwe wangu."

Hapo Leodgar akapandwa na hasira. Elieth ndiye aliyemsimulia mke wangu maneno aliyoyasema, na Elieth si mtu wa kuongeza chumvi. Alisema, "Na wewe pia hukuzaliwa naye. Pale unapolima ni pa ukoo. Kaka hakuacha mtoto wa kiume. Tumekuacha ukae kwa heshima yake tu. Usitulazimishe tukumbuke."

Euphrasia alijifuta vumbi la tope mikononi kwa kanga. Kisha akaondoka. Kipande cha tope alikiacha mezani.

Kesho yake alikwenda mwaloni. Vijana walimpigia miluzi alipokuwa anapita kati ya mashimo ya maji. Mageni alimpokea kwa adabu nyingi, akamtolea kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia kwamba jaruba lake lenyewe lingefaa sana kuwa mwalo wa pili. Maji yapo, nafasi ipo, kwa nini ateseke na mpunga? Euphrasia alikipindua kiti kwa mguu, akateremka nyumbani.

Alilalamika kila mahali palipokuwa na mlango. Mwishowe akaja bwana mmoja wa serikali mwenye buti, akatazama, akaagiza Mageni achimbe bwawa la kutulizia tope, ili maji yapumzike humo yashushe mzigo kabla ya kurudi mtoni. Agizo lilikuwa zuri. Yule bwana alipoondoka Mageni alichimba shimo la kina cha kiuno cha mbuzi. Kabla ya Krismasi lilikuwa limejaa tope mpaka ukingoni, na maji ya kijivu yakapita juu yake kana kwamba halipo.

Euphrasia akaenda kwa Maganga, mwenyekiti wa kijiji, na Maganga akaitisha mkutano. Nilikuwepo. Wenye watoto wanaofanya kazi mwaloni walikaa upande mmoja, na walikuwa wengi. Wenye maduka waliokuwa wakiwauzia vijana wale soda na chapati walikaa nao. Euphrasia alisimama peke yake.

"Bwawa limejaa," alisema. "Nataka alizoe tope, achimbe lingine lenye kina, au afunge."

"Mama Nelly," Maganga akajibu, "umesikilizwa, bwawa likachimbwa. Sasa unataka watu wale nini? Tope limeingia kwako peke yako. Kijiji kizima kisimame kwa ajili ya jaruba la mtu mmoja?"

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Hilo ni tope la Euphrasia! Alitaka tope, si ndilo lililomleta?" Watu wakacheka sana. Jina likashika. Hata watoto, wakiruka dimbwi la kijivu njiani, walisema wameruka tope la Euphrasia. Yeye aliyasikia hayo akipita na jembe begani.

Kiangazi kilichofuata nilimwona anachimba. Hakuficha, alichimba mchana, mbele ya macho ya kila mtu. Zamani sana, kabla ya baba mkwe wake, Muhogela ulipita upande wa kushoto wa kona. Kisha mto wenyewe ukaziba njia yake kwa mchanga wake, mwaka baada ya mwaka, ukahamia upande wa majaruba. Ule mkondo wa kale ulibaki kama bonde lililoota majani, ukishuka mpaka kwenye lambo la kijiji, ambako ng'ombe wetu wote hunywa. Euphrasia alikuwa anautoa ule mchanga uliouziba mlango wa mkondo. Wakati huohuo alijaza viroba kwa tope la kijivu alilolikwangua jarubani, akavipanga mdomoni pa majaruba, safu juu ya safu, mpaka vikawa ukuta unaonifika kifuani.

Nilivuka nikamuuliza. "Mama Nelly, unachimba nini?"

"Njia."

"Njia ya nini?"

"Ya kitu ambacho ninyi hamtaki kukiona." Hakuinua hata kichwa.

Wote tulijua mkondo ule unaishia wapi. Lakini tuliona ni mwanamke mmoja na chepe lake, tukasema atachoka. Vijana wa Mageni walikuwa wakikaa juu ya ukingo wakimtania. Leodgar alipita mara moja, akatazama viroba, akasema kwa sauti ili asikie kwamba kuna watu huzeeka wakirudia utoto.

Mvua ya kwanza kubwa ilipiga mchana. Nilisimama barazani kwangu nikaona yote. Maji yalikuja yakagonga ukuta wa viroba, yakarudi nyuma, yakagonga tena. Nikasema sasa unaondoka. Lakini mto ulikuwa umebeba mchanga wake kama kawaida, na kila ulipogonga uliuacha kidogo mguuni pa viroba, na kadiri mchanga ulivyoongezeka ukuta ulizidi kuwa imara. Baadaye maji yakainama kushoto, kwanza kama mfereji mwembamba, kisha ukingo wa mkondo wa kale ukameguka kwa kishindo na Muhogela wote ukaingia humo. Euphrasia alikuwa amesimama juu ya tuta la jaruba, mvua inampiga, mikono ameikunja kifuani. Hakushangilia. Alitazama mpaka alipohakikisha kwamba maji hayarudi, akaingia ndani.

Mwaka huo alivuna.

Na sisi tulifurahi, kwa ujinga wetu. Lambo lilijaa mapema kuliko mwaka wowote. Maji yalikuwa na rangi ya kijivu, lakini tulisema yatatulia. Na kweli yalitulia. Juu yakawa safi kiasi cha kujiona uso, na hakuna aliyefikiria kwamba yote yaliyotoka juu yamelala chini.

Kiangazi kilipoingia maji yakaanza kushuka, na kila yaliposhuka sakafu ya lambo ilikuwa karibu zaidi kuliko tulivyoizoea. Pembeni palikauka, pakafanya gamba linaloonekana gumu. Chini ya gamba palikuwa laini kama unga uliolowa. Alasiri moja ng'ombe walikuja na kiu kutoka malishoni, makundi ya vitongoji vitatu kwa pamoja. Wa mbele walikanyaga gamba likashika, wakakanyaga tena likashika, halafu likafunguka. Walizama mpaka kifuani. Wa nyuma walisikia harufu ya maji, wakawasukuma, nao wakazama juu yao.

Tulikimbia na kamba na mbao za vitanda. Tope lile lina mkono. Ukivuta, linavuta. Mguu mmoja wa ng'ombe ukitoka, mitatu inazidi kwenda chini. Wengine tuliwatoa wakiwa wamevunjika nyonga. Wengine tulilazimika kuwachinja humohumo, tukilala kifudifudi juu ya mbao, ili nyama isipotee bure, na damu ilikaa juu ya tope lile bila kuzama. Ng'ombe wangu wa maziwa, mwenye baka jeupe puani, nilimshika kichwa mpaka alipoacha kupumua. Maksai wawili wa Leodgar, waliotoka kuvuta mkokoteni siku ile, walikufa wamefungwa nira moja kwa sababu mchungaji hakupata nafasi ya kuwafungua.

Sijui ni nani aliyesema kwanza. "Haya ni maji ya Euphrasia." Tuliposikia hivyo tulinyanyuka, wanaume na wanawake, tumepakwa kijivu kutoka kichwani hadi miguuni, tukapanda kwake.

Alikuwa mlangoni na jembe. Mawe yakaanza kupiga bati. Watu walivunja kihenge chake, wakamwaga mpunga wake uwanjani na kuukanyaga kwa miguu yenye tope, na wanawake aliowahi kuwatukana kisimani ndio waliokanyaga zaidi. Yeye hakulia wala hakukimbia. Alisema tu, "Wa kwanza atakayevuka kizingiti nampasua." Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakafika, wakatuzuia, wakamchukua, na asubuhi akaletwa mbele ya kijiji.

Maganga alimuuliza kama ni yeye aliyegeuza mto.

"Ni mimi. Mliniona wote."

"Ulijua maji yatakwenda lamboni?"

"Nilijua."

Kelele zikapanda. Leodgar alisimama na kumnyooshea kidole. "Muuaji! Umeua maksai wangu!"

Alimgeukia. Ile sauti yake ikamfikia kila mtu, hata waliokaa mbali nje ya kivuli. "Tope lilikaa kwangu likaua mpunga, mkasema ni la Euphrasia. Nilikuja hapa nikasimama hapahapa, mkacheka. Sasa limekuja kwenu, mmejua ni tope. Nimewaongezea nini mimi? Sijatengeneza hata punje moja. Nimelisogeza tu."

"Ungekuja kusema!" alipiga kelele mama mmoja.

"Nilikuja kusema," akajibu Euphrasia.

Sungusungu walikwenda pembeni, wakarudi na uamuzi. Euphrasia anatengwa. Mtu asimsalimie, asimuuzie, asinunue kwake, asimsagie, asimwazime moto. Atakayevunja naye atatengwa.

Tulipomaliza naye hasira ilikuwa bado haijaisha, ikatafuta pa kwenda. Kundi lilelile, pamoja na wazazi waliokuwa na watoto mwaloni, likapanda mpaka kwa Mageni. Sasa waliokufa walikuwa ng'ombe wao. Mageni alitoa kiti, akaanza kwa adabu yake, na kiti kile kikarushwa kwenye shimo la maji. Kabla jua halijachwa karasha yake ilikuwa juu ya lori na vijana wake wamekaa juu ya magunia. Jambo ambalo Euphrasia aliliomba kwa misimu miwili lilifanyika mchana mmoja. Hakuna aliyekwenda kumwambia, na hata kama angekuwepo wa kumwambia, ilikuwa imeshakatazwa kusema naye. Tulisikia Mageni amefungua mwalo mwingine, kwenye mto wa watu wengine.

Rundo alituachia.

Kutengwa ni kubaya kuliko kupigwa. Dukani aliwekewa kimya. Alisimama mbele ya kaunta, na muuzaji alihudumia watu waliokuwa nyuma yake. Mashine ya kusaga ilizimwa alipofika, ikawashwa alipoondoka. Kanisani benchi lake lote lilikuwa tupu na lililofuata pia. Alirudia kutwanga kwa kinu, akala bila chumvi. Nelly alikuja kutoka Kahama, nikamsikia akimsihi uani.

"Mama, twende. Nina chumba. Hawa watu watakuua."

"Nikitoka asubuhi, jioni Leodgar analala hapa."

"Basi alale! Ni jaruba tu, mama."

"Rudi kwa mume wako," Euphrasia akasema. "Umeshasahau ulikula nini ukakua."

Nelly aliondoka akilia.

Kabla ya mvua kijiji kilikubaliana kulichimba lambo. Kila nyumba ilitoa mtu na chepe, isipokuwa nyumba moja. Tulikuwa ndani ya shimo, tukikata tope lililokauka na kulipandisha kwa machela, alipotokea Euphrasia na chepe lake. Hakumtazama mtu. Alishuka, akachagua mahali, akaanza kuchimba. Mmoja akaacha kazi, kisha mwingine, mpaka wote tukawa tumesimama tukimtazama. Kilichosikika ni chepe lake tu.

"Mama Nelly," Maganga akasema hatimaye, "nenda nyumbani. Hukuitwa."

"Nachimba tope langu. Si mlisema ni langu?"

Hakuna aliyejua la kufanya. Kumtoa kwa nguvu ilikuwa kumgusa, na kumjibu ilikuwa kusema naye. Maganga alikuwa tayari amejutia yale maneno machache. Basi tukasimama juani, kijiji kizima, huku mwanamke mmoja akichimba. Alichimba mpaka shimo likamfika magotini. Kisha akatema mate, akapanda juu, akaenda zake. Sisi tukarudi kazini. Mahali alipochimba palikwenda chini kuliko pa kwetu.

Misimu miwili iliyofuata nilianza kuona kitu kutoka barazani kwangu. Mpunga wake ulikuwa unakonda. Ukuta wa viroba ulikuwa umesimama vizuri, nyasi zimeota juu yake, na hakuna tope la kijivu lililoingia tena. Lakini hata jeusi halikuingia. Alimwagilia kwa maji machache aliyoyachota pembeni, maji matupu yasiyobeba kitu, na udongo wa majaruba ukaanza kupauka, ukawa kama wa kwetu wote. Nilimwona akiinama, akiuvunja kwa vidole, akiutupa. Sikumwonea huruma. Nilikuwa bado ninanunua maziwa.

Ili kutengwa kuishe ilibidi aombe radhi hadharani. Alikataa mara nyingi. Mwaka uliopita akakubali. Alisimama mbele ya mkutano, amevaa kanga ya kanisani, akasema, "Naomba radhi kwa ng'ombe. Hawakunikosea. Kwa tope siombi radhi."

Watu waligawanyika. Wengine walisema hiyo si radhi, ni tusi jingine. Leodgar alitaka aendelee kutengwa. Mabishano yalikuwa marefu mpaka kamanda wa sungusungu akachoka, akasema radhi imepokelewa, na kwamba jambo la rundo limebaki kwa mwenye shamba. Lambo lilikuwa linaanza kujaa tena. Kila mvua rundo lilikuwa linatoa maji ya kijivu kama kidonda. Kijiji kikamwamuru Leodgar ajenge ukuta wa mawe chini ya rundo, kwa mikono yake na gharama yake, la sivyo atatengwa yeye. Aliujenga akilaani kila jiwe. Euphrasia alimwambia kwa sauti, kutoka chini, kwamba apande na matete ili mizizi ishike udongo. Kwa sababu alisema yeye, Leodgar hakuyapanda.

Mvua za mwaka huu zilipokaribia, Euphrasia alipanda juu ya viroba vyake, akaondoa safu za juu, moja baada ya nyingine. Aliacha za chini tu. Mvua ilipokuja Muhogela uligawanyika. Nusu ukaenda lamboni, nusu ukapita juu ya viroba ukaingia majarubani. Maji hayakuwa meusi wala hayakuwa ya kijivu. Yalipokauka yaliacha tope la rangi mbili, moja juu ya lingine. Alilima lote pamoja, akaligeuzageuza kwa jembe, akapanda. Mpunga uliota. Haukuwa kama wa zamani, sehemu nyingine ulibaki na mabaka ya njano, lakini ulisimama.

Siku alipokuwa akipalilia, Leodgar alipita juu ya tuta. Nilikuwa ninanywesha ndama upande wangu, nikawasikia wote wawili.

"Lima, lima," Leodgar akasema. "Utakufa wewe, nami nitalima hapa."

Euphrasia alinyoosha mgongo, mikono imejaa magugu. "Huna haja ya kungoja nife. Una shamba lako. Kalime rundo."

Leodgar akateremka tuta upande wa pili, akikwepa maji, na Euphrasia akainama tena, akang'oa gugu lililofuata.